Haskell na Oracle: kweri (ombi kwa databesi) yapita lakini orodha yaja tupu, nisaidieni

kijana_wa_tudor aliandika:

Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Mimi niko Mombasa, nafanya kazi ofisi ya yadi moja ya makontena upande wa Changamwe. Leo siku ya nne nimekwama pahali pamoja, nikaona bora niulize wenye kujua.

Iko hivi. Ofisini tuna databesi ya Oracle, ni ya zamani, imewekwa kabla mimi sijaingia, yaandika kila kontena lilipoingia getini, lilipotoka, ni la mteja gani, sili (kifungo cha mlangoni) namba ngapi. Malipo ya kukaa yadini hayahesabiwi humo, yahesabiwa kwenye faili la Excel ambalo watu watatu walihariri, na sheria zake ni nyingi, siku za mwanzo bure, baadaye bei yapanda kwa ngazi, la futi 20 na la futi 40 bei mbalimbali, la baridi lina malipo yake ya umeme, na wateja wengine wana makubaliano yao. Kila mwisho wa mwezi aja mteja akilalamika kwamba amelipishwa siku ya ziada, na mara kadhaa nimepiga hesabu kwa mkono nikakuta haki iko kwake. Hilo laniuma kwa sababu wengine ni watu wadogo, kontena moja tu la mitumba na amekopa pesa kulileta.

Basi nikaziandika hizo sheria kwa Haskell, lugha ya kuandikia programu. Kila sheria ni funksheni yake, nikaipa majaribio, nikahakikisha kompaila, ile inayogeuza maandishi kuwa programu, yakataa nikisahau aina moja ya kontena. Upande huo niko sawa kabisa. Shida ni kuifikia data.

Laptopu yangu ni Ubuntu 24.04. Nimeweka Instant Client ya Oracle (laibrari za kuifikia databesi) pamoja na kifurushi chake cha ODBC (njia ya pamoja ya programu kuongea na databesi), nimeweka unixODBC, yaani ODBC ya Linux, na upande wa Haskell natumia laibrari za HDBC na HDBC-odbc kutoka Hackage, ghala la vifurushi vya Haskell. Nikipiga isql, amri ya kujaribu koneksheni, yaniambia

    Can't open lib '/opt/oracle/instantclient_21_13/libsqora.so.21.1' : file not found

na faili lipo! Nikifanya ls naliona, ruhusa ziko sawa, nimelifuta nikalirudisha mara tatu.

Nikaazima laptopu ya rafiki yangu yenye Ubuntu 22.04, huko isql yaingia vizuri na mistari naiona. Lakini nikiendesha programu yangu hiyohiyo napata orodha tupu, hakuna kosa lolote, yaandika [] na kumaliza. Kodi, yaani maandishi ya programu, nimeikata mpaka imebaki hivi:

    main = do
      conn <- connectODBC "DSN=yadi"
      mistari <- quickQuery conn "SELECT namba, ilipoingia, ilipotoka FROM makontena" []
      disconnect conn
      print (map hesabu mistari)

Majina ya jedwali nimeyabadilisha, ya kazini siwezi kuyaweka hapa. Na swali la mwisho, wenzangu ofisini waniambia nimekosea lugha, ningechukua kitu ambacho kila mtu akijua. Ni kweli?

---

fundi_wa_waya aliandika:

Wa aleikum salaam kaka. Nianze na hilo la faili kwa sababu lilinilaza macho mimi mwaka jana.

Ule ujumbe hausemi ukweli wote. unixODBC haiongei na Oracle yenyewe, yafungua draiva ya Oracle ambayo ni laibrari, na ile laibrari nayo yataka laibrari nyingine chini yake. Ikikosekana hata moja huko chini, ufunguzi wote wafeli, na jina linaloandikwa ni la ile ya juu. Kwa hivyo wewe unatazama faili lililopo na lililopotea ni jingine. Piga hii, itaonyesha laibrari zisizopatikana:

    ldd /opt/oracle/instantclient_21_13/libsqora.so.21.1 | grep "not found"

Ikiwa ni 24.04 nakuhakikishia utaona libaio.so.1. Sababu yake ni kwamba Debian na Ubuntu walihamisha hesabu ya wakati iwe ya biti 64 ili mashine za biti 32 zisije zikakwama mwaka 2038, na katika kuhama huko vifurushi vingi vikaongezwa t64 kwenye jina. Libaio ikaguswa pia, sasa kifurushi chaitwa libaio1t64 na faili ni libaio.so.1t64, na draiva ya Oracle bado yatafuta jina la kale. Weka kifurushi kisha mtengenezee kiungo:

    sudo apt install libaio1t64 libodbcinst2
    sudo ln -s /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libaio.so.1t64 /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libaio.so.1

Ndiyo maana laptopu ya rafiki yako ya 22.04 haikusumbua, huko jina bado ni lile la zamani.

Jingine, usitegemee LD_LIBRARY_PATH (njia ya kutafutia laibrari) ndani ya .bashrc, faili linalosomwa ukifungua terminali. Leo yafanya kazi kwako mkononi, siku utakapoipa cron, ile inayoendesha kazi kwa saa maalumu, iendeshe ripoti saa 8 usiku haitaisoma .bashrc na utarudi hapa na kosa lilelile. Andika njia ya Instant Client kwenye faili moja ndani ya /etc/ld.so.conf.d, piga sudo ldconfig, mambo yamekwisha. Na ukiona unahariri odbc.ini, faili la mipangilio ya koneksheni, na hakuna kinachobadilika piga odbcinst -j, itakuonyesha ni faili lipi hasa linasomwa.

Mimi huwa napanda ngazi moja moja. ldd kwanza, kisha isql, kisha ndipo Haskell. isql isipoingia usiiguse Haskell kabisa, huko hakuna dawa. Ukifika mbele ukaona ORA-12154 ujue jina uliloliandika halikupatikana kwenye tnsnames.ora, faili la majina ya databesi, aghlabu ni TNS_ADMIN, inayoonyesha faili hilo liko wapi, haijaelekezwa. ORA-12514 ni kwamba umemfikia msikilizaji, programu ya Oracle inayopokea koneksheni, kwenye poti 1521 lakini hajui hiyo sevisi unayoitaja. ORA-01017 ni jina au neno la siri. Hizo tatu zimenipotezea siku nyingi kuliko kitu kingine chochote cha Oracle.

---

binti_kongowea aliandika:

Kaka wa Tudor, hiyo orodha tupu si ya Oracle wala si ya ODBC, ni Haskell yenyewe, na kila mtu anayeanza na HDBC hupita hapo.

quickQuery ni mvivu. Ukiiita haileti mistari, yakupa ahadi ya mistari. Mstari wa kwanza utaletwa siku utakapouhitaji, wa pili ukiuhitaji wa pili, hivyo hivyo. Sasa tazama kodi yako, umechukua ahadi, kisha umefunga koneksheni, kisha ndipo print inaanza kuidai ile ahadi. Ni sawa na mtu amekuonyesha kisima akakupa ndoo, wewe ukakifukia kisima halafu ukaenda kuchota. disconnect inapofunga inamaliza na kweri zote zilizokuwa wazi, na kweri iliyomalizwa ukiiuliza mstari unaofuata yakujibu hakuna zaidi. Hakuna zaidi tangu mwanzo ndiyo hiyo [] yako. Haikuona kosa ndiyo maana haikulia.

Dawa ni alama moja:

    mistari <- quickQuery' conn "SELECT namba, ilipoingia, ilipotoka FROM makontena" []

Ile koma ya juu mwishoni yamaanisha leta yote sasa hivi, kabla hujaendelea. fetchAllRows nayo ina ndugu yake fetchAllRows' vivyo hivyo.

Usije ukafikiri ukiweka bracket, inayofunga koneksheni yenyewe kazi ikiisha, umesalimika. Nimeona watu wakiandika hivi

    mistari <- bracket (connectODBC dsn) disconnect (\c -> quickQuery c sql [])

wakaona ni safi, koneksheni yafungwa hata kukitokea kosa, na ni kweli yafungwa, lakini ile orodha mvivu imetoka nje ya bracket ikiwa bado haijasomwa, umerudi palepale. Ama utumie yenye koma, ama kazi yote ya hesabu uifanye ndani ya bracket na itoke nje jumla iliyokwisha kuhesabiwa. Mimi nilikuwa nikisoma mistari mingi sana, kuiweka yote kwenye memori haikuwezekana, kwa hivyo nilizunguka na fetchRow mmoja mmoja ndani, nikijumlisha njiani. Kwa yadi moja kwa mwezi quickQuery' yatosha.

Na kwa sababu HDBC haikomiti (haithibitishi mabadiliko) yenyewe, siku utakapoanza kuandika kwenye databesi kumbuka commit au tumia withTransaction. Ukifunga bila kukomiti kila ulichoandika kinarudishwa nyuma, nacho pia hakilii.

---

mtu_wa_nyali aliandika:

Mimi nitajibu lile la lugha, na nasema kwa nia njema. Wenzako wana hoja kidogo. Oracle wanatoa draiva zao rasmi za Java, za .NET, za Python, za Node.js. Za Haskell hawatoi. Maana yake kila ngazi unayoipanda, unixODBC na HDBC na HDBC-odbc, ni kitu ambacho kikivunjika huna wa kumpigia simu. Kama ulipenda hii njia ya funksheni safi na taipu, F#, lugha ya .NET, inakupa mengi ya hayo na inatumia draiva ya Oracle ya .NET moja kwa moja bila kuweka Instant Client. Clojure nayo ni lugha iliyo juu ya JVM, mashine ya Java, kwa hivyo yachukua JDBC, njia ya Java ya kufikia databesi, ileile wanayotumia mabenki, ingawa taipu za kukubana hutazipata huko. Siku ukiondoka hiyo ofisi ni nani atakayeitunza programu yako?

---

binti_kongowea aliandika:

Swali la nani atatunza ni la haki. Lakini kazi ngumu hapo ni sheria za malipo, kuleta data ni kweri mbili tatu, na zile sheria ameshaziandika na zina majaribio yake. Sioni sababu ya kuzitupa kwa ajili ya draiva.

Kama ODBC itamchosha kuna milango mingine. Oracle wana ORDS, sevisi ya wavuti, yaweza kutoa jedwali kama JSON (data ya maandishi) juu ya HTTP, na Haskell kusoma JSON kwa laibrari ya aeson ni jambo jepesi, hakuna laibrari ya C hata moja upande wako. Au kama ofisi ina PostgreSQL, databesi nyingine, pahali, iko nyongeza yake oracle_fdw, jedwali la Oracle laonekana ndani ya Postgres kama la hapohapo, na Haskell kwa Postgres iko vizuri sana, laibrari za postgresql-simple na hasql zote zimekomaa. Yote mawili yataka idhini ya anayesimamia seva, kwa hivyo kaka jaribu kwanza hii uliyonayo.

---

mama_makadara aliandika:

Wanangu hamjambo. Mimi nimekaa na Oracle miaka mingi, Haskell siijui, lakini hayo malalamiko ya siku ya ziada yamenishtua, na naona wote mmeyapita.

Kijana, hizo kolamu mbili, ilipoingia na ilipotoka, nadhani ni DATE. Watu waona jina hilo wafikiri ni tarehe tupu. Katika Oracle, DATE daima ina saa, dakika na sekunde ndani yake, hata kama skrini yakuonyesha tarehe peke yake. Na ukitoa DATE moja kwa nyingine wapata namba ya siku yenye desimali. Sasa chukua kontena lililoingia Jumatatu saa 4 usiku likatoka Alhamisi saa 5 asubuhi. Oracle itakwambia 2.54. Mmoja wa hao watatu wenye Excel akipandisha juu ni siku 3. Akikata ni 2. Mwengine akihesabu kwa vidole, Jumatatu Jumanne Jumatano Alhamisi, ni 4. Kontena ni moja na majibu ni matatu, na katika bei ya ngazi siku moja yaweza kumtoa mtu kwenye siku za bure. Kabla hujaandika kodi nyingine, itafute karatasi ya makubaliano na mteja usome siku yahesabiwa vipi. Kisha hiyo sheria iandike pahali pamoja tu.

La pili, DATE haina saa za eneo. Imeandikwa saa ya hapa kwetu. Programu yako ikiisoma kama saa ya UTC (saa ya kimataifa) halafu ikaigeuza, yaweza kusogea mbele kwa saa 3, na kontena lililotoka saa 4 usiku litahama siku.

La tatu, pesa. NUMBER ya Oracle ni ya desimali kamili, yafika tarakimu 38. Ukiivuta ukaitia kwenye namba za biti 64 zenye nukta inayoelea, senti zitaanza kupotea kwenye jumla kubwa. Vuta senti nzima, TO_CHAR(ROUND(kiasi * 100)), uisome kama namba kamili.

La nne, stringi tupu. Oracle haitofautishi '' na NULL. Karani akiacha sili bila kuandika, wewe utapokea NULL. Jiandae.

La tano nimelipata kwenye Java na sitalisahau. Namba ya kontena ni herufi na tarakimu 11 kwa jumla, lakini databesi za zamani nyingi zimeiweka CHAR(12) au zaidi, na CHAR hujazwa nafasi mpaka mwisho. Ukiandika namba ndani ya kweri yenyewe yapatikana, kwa sababu Oracle hapo yapuuza zile nafasi. Ukiipitisha kwa alama ya kuuliza, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kupitishwa, draiva ikiituma kama VARCHAR2, aina isiyojazwa nafasi, basi zile nafasi zahesabiwa na hutapata kitu. Java wana setFixedCHAR kwa ajili ya hilo. Wewe andika namba = RPAD(?, 12), yaijaza nafasi mpaka 12. Usizungushie RTRIM, ya kukata nafasi, kwenye kolamu, itaacha kutumia indeksi.

Na tafadhali mwanangu, usijaribu haya kwenye akaunti yenye kuandika. Omba akaunti ya kusoma tu, jedwali hizo unazohitaji basi. Kwa majaribio yako chukua Oracle Database Free, mwisho wake ni CPU 2, memori GB 2 na data GB 12, yakutosha na kubaki.

---

kijana_wa_tudor aliandika:

Shikamoo mama, na shukran nyingi kwenu wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafuata moja moja.

Fundi, ilikuwa libaio kama ulivyosema. Baada ya kile kiungo isql iliingia mara ya kwanza tu. Dada wa Kongowea, ile koma ya juu nilikuwa naiona kwenye maelezo nikidhani ni kosa la uchapaji, nimeiweka na mistari ikaja yote. Ndugu wa Nyali, nimelichukua neno lako, nitaandika maelezo kamili ya namna ya kuiweka, kwa Kiswahili, yakae pamoja na kodi.

Mama, kolamu ni DATE kweli. Nilikuwa nazitoa ndani ya kweri, ilipotoka - ilipoingia, kisha napandisha juu. Sasa nazisoma zote mbili kama LocalTime, tarehe na saa bila eneo, nachukua siku yake, na hesabu yafanywa na diffDays upande wa Haskell. Kwa ule mfano wako yatoa 3. Sili nimeigeuza kuwa Maybe, taipu inayokubali kitu kukosekana, kabla ya hapo programu ilikuwa yaanguka kwenye kontena la kwanza lisilo na sili na sikuwa najua sababu. Pesa nimetumia Centi, namba yenye desimali mbili kamili, kutoka Data.Fixed. Namba ya kontena iko CHAR(13) kwetu, sijui kwa nini, lakini RPAD imekubali.

Makubaliano nimeyatafuta. Yameandikwa kwamba siku ya kuingia haihesabiwi na siku ya kutoka yahesabiwa. Kwenye Excel kuna safu moja iliyoongezewa 1 kwa mkono na nyingine haikuongezewa. Nimepitisha mwezi uliopita peke yake, na wale waliolalamika wawili wametokea, wote wamezidishiwa siku moja, na yuko wa tatu ambaye hakulalamika, yule ambaye siku moja ilimtoa kwenye siku za bure akalipa kiwango cha ngazi ya kwanza.

Kesho asubuhi naingia kwa meneja na hizo karatasi tatu, na ombi la akaunti ya kusoma tu.

---

mama_makadara aliandika:

Marahaba mwanangu. Kabla hujaingia kwa meneja, zihesabu zile tatu kwa kalamu pia, uweke karatasi pembeni. Atakuuliza programu imejuaje.